Mwenye sonona usimwambie aamke saa 10 alfajiri

Ujumbe umeingia kutoka Busia, Uganda. Kijana alisoma mahali kwamba matajiri wote huamka saa 10 alfajiri, hukimbia, huoga maji baridi na kusoma kurasa kumi kabla jua halijatoka. Akajaribu siku nne. Ya tano hakuinuka hadi saa 7 mchana, na sasa juu ya sonona yake (ugonjwa wa huzuni nzito, depression) ameongeza aibu: "Hata kuamka kumenishinda." Anauliza asubuhi afanye nini.

Kwanza aitupe ile orodha. Iliandikwa kwa mtu mzima wa afya anayetafuta faida zaidi. Kwa wagonjwa wengi wa sonona asubuhi ndiyo saa mbaya kuliko zote. Mwili mzito, kichwa kimejaa maneno ya kujilaumu, kisha ikifika jioni mtu anachangamka kidogo na watu wa nyumbani wanasema alikuwa anaigiza. Haigizi. Ugonjwa huu hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Kwa hiyo asubuhi ipangwe jioni, ile saa unayopata kanguvu, ili kukicha usihitaji kuamua chochote.

Jioni jaza beseni lita 5 za maji, ulifunike. Jerikeni tupu saa 12 asubuhi limewazuia watu wengi kuoga kuliko uvivu. Nguo ziwe juu ya kiti, viatu mlangoni, unga wa uji umeshapimwa kwenye kikombe, makaa yamo kwenye sigiri. Simu yenye kengele ya kukuamsha ikae nje ya chandarua, mbali kiasi kwamba lazima miguu iguse sakafu ndipo uizime. Iliyo chini ya mto huzimwa na mkono ambao wenyewe haujaamka.

Saa ya kuamka ndiyo nguzo, na hapa ndipo wengi huharibu. Angalia siku saba zilizopita umekuwa ukiamka saa ngapi. Kama ni saa 3, anza na saa 2 na nusu, wala si saa 11. Kaa hapo siku tatu au nne, kisha punguza dakika 15 hadi 30, taratibu, mpaka ufike saa inayokufaa. Jumapili ni ile ile. Ukilala hadi saa 5 Jumapili eti unafidia, usiku wake usingizi hauji, na Jumatatu unalaumu ugonjwa kwa kosa la Jumapili. Usingizi wa mchana usizidi dakika 30, wala usivuke saa 9 alasiri.

Wapo ambao shida yao ni kinyume: wanaamka saa 9 usiku na usingizi haurudi. Hiyo nayo ni dalili. Ukigaagaa kama dakika 20, toka kitandani, kaa kwenye mkeka na mwanga hafifu, bila simu, urudi usingizi ukikujia. Usianze kufua. Siku yako ianze saa uliyopanga. Anayeamka kwa swala ya alfajiri aihesabu hiyo kuwa saa yake ya kuamka, alale mapema, na akimaliza asirudi kitandani. Na wale wa makesha, samahani, nitawaudhi: kumpeleka mgonjwa kwenye kesha tatu kwa wiki ni kumnyima dawa mojawapo aliyonayo. Mwombeeni mchana.

Ukishaamka, toka nje ndani ya saa moja. Mwanga unaoingia machoni ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba kumekucha, na ndio unaopanga usingizi wa usiku uje lini. Ndani ya chumba cha kupanga chenye kidirisha kimoja, hata taa ikiwaka, mwanga haufiki sehemu ya kumi ya ule wa nje, hata siku ya mawingu. Ikweta imeturahisishia: Kampala jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu hivi na saa 1 mwaka mzima. Kaa barazani dakika 20 hadi 30. Usilikodolee jua, inatosha kuwa chini ya anga.

Kuoga kukikushinda, nawa uso, makwapa na miguu. Hiyo inahesabika. Kisha vaa nguo za kutokea, maana aliyebaki na nguo za kulalia ameacha mlango wa kurudi kitandani wazi.

Kutembea: wiki ya kwanza dakika 10, kila wiki ongeza 5 hadi ufike 30. Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Uwe na mahali pa kufika, dukani kununua maziwa au kwa muuza chapati, kwa sababu "natembea tu" huahirishwa na mvua ya kwanza. Kabla ya kutoka andika kwenye daftari namba kutoka 0 hadi 10: unategemea kujisikiaje ukirudi? Ukirudi andika ulivyojisikia kweli. Sonona hutabiri vibaya. Utaandika 1 na kurudi na 3. Tatu ni ndogo, lakini baada ya siku 14 unao ushahidi kwa mwandiko wako kwamba ile sauti ya "haitasaidia" hukosea. Anayengoja ajisikie vizuri ndipo atoke atangoja sana. Tendo hutangulia, hisia hufuata nyuma ikichechemea.

Chakula, hata kama hamu haipo: nusu kikombe cha uji wa wimbi uliotiwa kijiko cha karanga za kusaga, au ndizi na yai. Tumbo tupu huleta kutetemeka na moyo kwenda mbio, na mgonjwa akadhani ni hofu. Kahawa ifuate chakula, na ya mwisho isivuke saa 8 mchana. Waragi, ile pombe kali, ya kuletea usingizi huukatakata usingizi huo huo kuanzia usiku wa manane.

WhatsApp ingoje nusu saa. Matanga na mikopo ya simu havitahama.

Dawa, kwa waliopewa. Fluoksetini kwa kawaida humezwa asubuhi kwa sababu inaweza kufukuza usingizi. Kichefuchefu cha wiki ya kwanza hupungua ukiimeza baada ya kula. Nafuu huchukua wiki mbili hadi nne au zaidi, na wengi huacha siku ya kumi wakisema haifanyi kazi. Amitriptilini ni ya usiku. Ikikuacha mzito asubuhi, muulize aliyekuandikia kama unaweza kuimeza mapema zaidi, na ukiamka kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, kwani ukisimama ghafla kizunguzungu kitakuangusha. Usiache dawa kwa sababu umepona. Huendelea miezi mingi baada ya nafuu.

Mwisho, mtu. Utafiti uliofanywa vijijini Rakai na Masaka, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003, uliwakuta wenyeji wakiutaja ugonjwa huu kwa Kiganda kwa maneno mawili: yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubagiza, kujihurumia. Vikundi vya tiba ya mazungumzo vilikutana mara moja kwa wiki, wiki 16, dakika 90 kila mara, na dalili zilipungua sana kuliko vijiji visivyopewa vikundi. Huna kikundi? Tafuta mtu mmoja wa kumtumia neno "nimetoka" kila asubuhi. Asipolipata, apige simu.

Mazoea haya hayatoshi peke yake ikiwa wiki mbili zimepita huli, hulali, hufanyi kazi, au mawazo ya kujiua yamekuja. Hapo vidonge na dawa za shambani vikae kwa mtu mwingine, usilale peke yako, na uende siku hiyo hiyo. Butabika ndiyo hospitali ya taifa ya rufaa ya afya ya akili, lakini si lazima ufike Kampala: hospitali za rufaa za mikoa, kama Mbale, Mbarara, Gulu na Arua, zina vitengo vya akili. Kwa mtu wa Busia, Mbale ni karibu zaidi. Ukifika, usiseme "kichwa kinauma na mwili umechoka," utapimwa malaria na kurudishwa na Panadol. Sema: "Tangu wiki kadhaa sina raha na chochote, silali, na nimewaza kufa." Kama ulimi utakuwa mzito, yaandike jioni kwenye lile daftari, umpe muuguzi asome.