Bado nipo na Willy Gamba
Kaka, umeuliza kama sisi tuliokuwa tukisoma riwaya za upelelezi tumehamia vitabu "vizito". Mimi nipo hukohuko! Kwetu Mwanga, Kigoma, Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, alizunguka nyumba hadi nyumba. Kitabu kinakufikia hakina jalada, kurasa zina madoa ya mawese, na ile ya mwisho keshaichana mtu. (Hivi huwa wanaipeleka wapi?) Tunasomea kibatari, mama anagomba mafuta ya taa yanaisha. Siku hizi nimeongeza vitabu vya mwandishi Euphrase Kezilahabi. Riwaya yake Rosa Mistika ya 1971 iliwahi kupigwa marufuku shuleni, mimi nimeisoma ukubwani, na ukiwa mzazi wa mabinti yule baba yake Rosa anakukera kwelikweli. Mashairi yake ndiyo yananishinda.