Chupa nyekundu haina saini, ni Holmegaard kweli?

SWALI: Habari kaka. Mi ni Mtanzania naishi Aarhus, Denmark, wikiendi napenda kuzunguka masoko ya mitumba. Nimenunua chupa ya maua nyekundu, ndani nyeupe kama maziwa, shingo ndefu, muuzaji kasema ni Holmegaard, kile kiwanda cha vioo cha Denmark, ya miaka ya 1960 ila chini haina saini wala stika. Ninalo pia bakuli zito rangi ya moshi, lenyewe limechorwa maandishi chini. Je, kwenye ile nyekundu nimepigwa?

JIBU: Salama dada. Kukosa saini peke yake hakukuambii kitu, na hapa ndo wengi wanapotea. Holmegaard hawakusaini kila kitu. Vile vizito vilivyopulizwa kwa mkono bila kalibu (kile kifaa cha kukipa kioo umbo), hasa vya dizaina Per Lütken, kwa kawaida vilichorwa chini kwa ncha ya almasi, lakini vilivyopulizwa kwenye kalibu kwa wingi vilitoka kiwandani na stika ya karatasi tu, na stika ikishaoshwa mara kadhaa inabanduka basi, historia yote imeenda na maji.

Kwa maelezo yako kuna mawili ya kufikiria. Moja ni Gulvvase, yaani chupa ya maua ya kuweka sakafuni, ya Otto Brauer fundi wa Holmegaard, ya 1962, aliyoitoa kwenye umbo la chupa ya Lütken ya 1958, ina shingo ndefu na mdomo uliotanuka. Nyingine ni Carnaby ya Lütken ya mwaka 1968, hiyo mara nyingi ina mapindo na viuno kuzunguka mwili. Zote zipo zenye weupe ndani.

Sasa chukua tochi ya simu uangalie ukingo wa mdomo kwa karibu kabisa, ikiwezekana na lenzi. Kioo cha tabaka mbili kinaonyesha weupe ndani na juu yake kioo cha rangi chenye unene wake, unaona kabisa rangi ina kina, taa inazama. Kama wekundu umekaa juu tu na ukipitisha kucha unahisi ngozi ya rangi au kuna sehemu imebanduka, hiyo imepakwa, achana nayo. Halafu cheki kama ukingo ni mviringo laini ulioyeyushwa na moto. Ukiwa bapa na mkali pembeni, huenda kuna mtu alisaga mdomo kuficha sehemu iliyomeguka, kwa hiyo pima urefu ulinganishe na vipimo vya katalogi za zamani, hata sentimita moja ikipungua bei inashuka vibaya.

Tabaka mbili bado sio ushahidi wa Denmark, naomba ulishike hilo. Mji wa Empoli kule Italia walitengeneza chupa za hivi kwa wingi sana, nyingi zina vizibo virefu. Sweden napo kiwanda cha Alsterfors walikuwa nazo, za dizaina Per Ström, ila hizo mara nyingi utakuta zimesainiwa. Ndo maana umbo na vipimo vinakuja kabla ya rangi, wekundu kila mtu alikuwa nao.

Bakuli lako ndo linanifurahisha zaidi. Soma maandishi taratibu: ya miaka ya 1950 utaona neno Holmegaard na herufi PL zimeunganishwa katikati ya mwaka, yaani 19 PL 58. Za baadaye mwaka unaondoka inakaa namba ya modeli. Angalia pia mikwaruzo ya matumizi chini: ya kweli inaenda kila upande na iko pale tu kioo kinapogusa meza, na pale inapokutana na saini inapita juu yake. Mistari yote ikielekea upande mmoja hiyo ni msasa. Saini nyeupe yenye ungaunga juu ya mikwaruzo ya zamani imechorwa juzi tu, mimi siinunui.

Kama kuna ukungu ndani ya chupa jaribu siki ya uvuguvugu, iache usiku kucha. Baada ya hapo ukungu ukipotea kioo kikiwa kimelowa ukarudi kikikauka, kioo chenyewe kimeliwa, hakuna dawa ya nyumbani. Na tafadhali dada, mashine ya kuoshea vyombo usiipeleke hata siku moja, hivi vitu ndo vinafia humo.

Nitumie picha ya mdomo kwa juu, ya chini, na urefu kwa milimita, hapo nitakuambia Gulvvase au Carnaby au Mwitaliano.