Bruchi ya bibi yenye chapa ya Trifari

Dada, umeuliza kama bruchi (pambo la kubana kwenye nguo) ya bibi yako yenye chapa ya Trifari, kampuni ya Marekani ya mapambo ya bei nafuu, ni ya miaka ya 1930. Igeuze nyuma uichungulie kwa lenzi: ukiona herufi c ndani ya kiduara kando ya jina, ni ya mwaka 1955 au baadaye. Mwaka huo Trifari walishinda kesi ya hakimiliki huko Marekani, mahakama ikakubali kwamba hata pambo la bei nafuu ni kazi ya sanaa, ndipo alama hiyo ya hakimiliki ikaenea.

Usivunjike moyo lakini! Alfred Philippe, Mfaransa aliyewahi kutengeneza vito vya nyumba za kifahari za Cartier na Van Cleef & Arpels, aliwabunia Trifari mapambo tangu 1930 hadi 1968. Huenda ni mtindo wake. Tazama vijiwe vya kioo: katika kazi zake nyingi vimeshikwa na vikucha vidogo vya madini, kama almasi ya kweli, havikubandikwa kwa gundi tu. Napenda mno umakini huo kwenye kioo cha kawaida.

Na tafadhali usiiloweke majini. Maji yakipenya nyuma ya kijiwe, foili, yaani karatasi nyembamba ya madini inayokipa mng'ao, inaoza na mng'ao unageuka weusi. Kitambaa laini kikavu kinatosha.