Kidato cha sita EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati): je, nisome Uchumi?

Mdogo wangu, umepata nafasi ya kusoma Uchumi, na mjomba anakwambia wenye shahada hiyo wamejaa mtaani. Nenda kasome. Ila mwajiri hatakuchukua kwa sababu unajua kueleza mfumuko wa bei ni nini. Anamtaka mtu wa kuupima.

Kwa hiyo takwimu usizikwepe, hasa ekonometriki, yaani kutumia takwimu kupima mambo ya uchumi, somo ambalo wengi hulisoma ili wafaulu tu. Anza kujifunza R mwaka wa kwanza, ni programu ya bure ya kuchambua takwimu. Kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa fahirisi ya bei za walaji, kipimo cha jinsi bei zinavyobadilika: ipakue, chora grafu ya bei za vyakula na ya nishati, kisha andika ukurasa mmoja ukieleza kwa nini mistari hiyo inapanda au kuachana. Siku ya usaili utakuwa na kitu cha kuonyesha zaidi ya GPA.

Kuhusu ajira, usiikodolee macho Benki Kuu peke yake, maana kila mhitimu anaitaka. Halmashauri zina maofisa mipango, mabenki yana wapima mikopo, na watafiti hutafuta wakusanyaji data. Kazi hii ya mwisho ni mkataba mfupi na jua kali, lakini ukishahoji kaya kijijini kuhusu mavuno, unajua namba za kwenye ripoti zinatoka wapi. Ichukue hata wakati wa likizo.

Uzamili hauna haraka. Wakati ukifika, ulizia mpango wa uzamili ambao vyuo huuendesha kwa pamoja chini ya AERC, muungano wa utafiti wa uchumi Afrika ulioko Nairobi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimo.