Kabla ya Kununua Kinga ya Mkopo, Mchunguze Anayeiuza

Kazi yangu ni uwekezaji katika mfuko wa pensheni, na vijana wanaoingia idarani huniuliza sana kuhusu mikataba ya kinga ya mkopo, yaani CDS. Maelezo yake ni mepesi: una hatifungani ya kampuni fulani, yaani umeikopesha, unamlipa mtu ada kila robo mwaka, na kampuni ikishindwa kulipa deni yeye anakufidia. Ukiletewa mkataba wa namna hii, usianze kwa kuikagua kampuni iliyokopa. Anza na muuzaji wa kinga.

Marekani ililipia somo hili kwa gharama kubwa. Sheria ya mwaka 2000 iliiacha mikataba hiyo nje ya usimamizi, na kufikia mwisho wa 2007 thamani yake kimkataba duniani ilikuwa takriban dola trilioni 62. Kampuni ya bima ya AIG iliuza kinga za mamia ya mabilioni bila kutenga akiba inayolingana, kwa sababu jina lake liliaminika. Mikopo ya nyumba iliyokuwa nyuma ya baadhi ya kinga hizo ilipoanza kuharibika, wanunuzi wakadai rehani, yaani fedha za kushikilia kama dhamana ya malipo. Daraja la AIG, yaani kipimo cha uwezo wake wa kulipa madeni, liliposhushwa Septemba 2008 madai yakafurika, na tarehe 16 serikali ikaiokoa kwa mkopo wa hadi dola bilioni 85. Sheria ya Dodd-Frank ya 2010 ndiyo iliyoagiza mikataba ya kawaida ipitie taasisi ya katikati inayokusanya rehani kila siku.

India ilibana tangu mwanzo. Kanuni za Benki Kuu yake za 2011 zilimtaka mnunuzi awe na hatifungani yenyewe. Soko likadumaa, na kanuni zikalegezwa 2022. Mimi naona heri kudumaa huko.

Tuliwahi kuletewa pendekezo la kinga na benki moja ya nje. Nikauliza rehani itawekwa wapi, na kwa jina la nani. Nikaonyeshwa daraja la benki hiyo tu. Tukakataa.

Kisha soma kwa makini kifungu kinachoeleza ni lini mkopaji atahesabiwa ameshindwa kulipa. Ugiriki ilipopunguza deni lake mwaka 2012, kamati ya ISDA, chama cha kimataifa cha wanaofanya biashara ya mikataba ya aina hii, iliamua tarehe 1 Machi kwamba kinga hazijafikia kulipwa. Tarehe 9 ndipo ikakubali. Kifungu hicho kisome pamoja na mwanasheria, kabla hamjaanza kujadili ada.