Maswali ya Wasomaji: Nyumba ya ukoo iuzwe au iwe makumbusho?

SWALI: Mhariri habari, nyumba ya babu yake babu yetu, mmoja wa walioanzisha mji wetu, bado imesimama ila imechoka. Ndugu wengine wanataka iuzwe, mimi na dada tunataka iwe makumbusho, dada ameshaanza hata kuandika historia yake. Fundi anasema tuanze na plasta ya simenti. Ushauri tafadhali.

JIBU: Salama. Fundi mwambieni atulie kwanza. Ukuta wa zamani wa chokaa unavuta unyevu na kuutoa, ukiuziba na simenti maji yanakwama ndani, baada ya muda chumvi nyeupe inatokeza, plasta inabanduka na mbao zilizoshika ukuta zinaoza. Chokaa irudishiwe chokaa. Na msihamishe hata kijiko kabla hamjakipiga picha palepale kilipo. Nguo na barua ziondoeni kwenye jua, makumbusho huwa wanaziwekea mwanga hafifu usiozidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga) na bado zinapauka taratibu.

Ila hayo madogo, kazi ipo kwenye umiliki. Mount Vernon, nyumba ya George Washington kule Marekani, miaka ya 1850 ukoo wake ulishashindwa kuitunza, baraza imeegemezwa kwa milingoti ya meli! Ann Pamela Cunningham akaanzisha chama cha akina mama 1853, wakachangisha, 1858 wakakubaliana na ukoo kwa dola 200,000, na chama hichohicho ndo kinaimiliki mpaka leo. Kwa hiyo hao ndugu wanaotaka kuuza wala msigombane nao, sajilini taasisi, nyumba ithaminiwe, taasisi iinunue, kila mtu apate chake hata kwa awamu. Mkiiacha kwa jina la mtu mmoja, akifa tu mmerudi kwenye kesi.

Halafu viingilio peke yake havitoshi jamani. Kuna bima, mlinzi, paa, mchwa, kila mwaka. Kama hamna mfuko wa hayo mi naona bora muipangishe iwe ofisi kwa masharti ya kutobomoa kitu, kuliko kufungua kwa mbwembwe afu mfunge.

Dada naye kwenye hiyo historia asiishie kwa mzee mwenye nyumba tu. Mount Vernon penyewe jiwe la kuwakumbuka watumwa waliozikwa pale liliwekwa 1929. Awatafute wajukuu wa wapishi, yaya na vibarua wa nyumba hiyo, huenda wana picha na barua ambazo nyie hamna.