Kabla ya Kununua Mchanga, Uliza Umetoka Wapi

Nilipojenga nyumba yangu ya kwanza niliamini kwamba mchanga wote ni mmoja, na kwamba umakini wote uelekezwe kwenye saruji na nondo. Miezi michache baada ya kupiga lipu, kuta za vyumba viwili zilijaa nyufa nyembamba, na ukipitisha kidole ukutani kilitoka na unga. Saruji haikuwa na kosa. Mchanga ule ulikuwa wa shimoni, umechanganyika na udongo wa mfinyanzi, ambao huvimba ukinywa maji, husinyaa ukikauka, na hugandamana na punje hata saruji isipate pa kushika.

Tangu wakati huo sipokei mchanga wa shimo kabla ya kuupima kwa chupa. Chukua chupa angavu iliyonyooka, jaza mchanga hadi nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo hadi robo tatu, tikisa kwa nguvu, kisha uiache itulie kwa saa tatu. Mchanga hutua chini, na tope hubaki juu yake kama tabaka laini. Tabaka hilo likizidi takriban asilimia 8 ya kimo cha mchanga, uoshe mchanga huo au uukatae.

Mchanga wa mto kwa kawaida huwa safi zaidi, kwa sababu maji yameuosha njia nzima, na kwa zege na lipu ndio ninaoupendelea. Hata hivyo, uchimbaji uliokithiri hubomoa kingo na kushusha maji ya visima vya jirani, jambo linaloniumiza. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linakadiria kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka, kasi ambayo mito haiwezi kuifidia. Kwa hiyo, kwa zege la msingi na nguzo, siku hizi natumia pia mchanga wa mawe yaliyosagwa. Punje zake zina kona kali zinazoshikana vizuri, ingawa vumbi lake likizidi mchanganyiko hudai maji mengi.

Mchanga wa bahari usiuweke kamwe penye nondo bila kuoshwa kikamilifu kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Chumvi huanzisha kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, zege hupasuka kutoka ndani. Wa jangwani nao, ijapokuwa ni mwingi mno, upepo umeuviringisha na kuulainisha hata haufai sana kwa zege. Mchanga mweupe wenye silika nyingi ni wa viwanda vya kioo, ambako huchanganywa na magadi ili uyeyuke kwa joto la chini ya nyuzi 1,700 za Selsiasi unazohitaji ukiwa peke yake.

Liko jambo moja ambalo mafundi wengi hulipuuza hata mchanga ukiwa mzuri. Mchanga wenye unyevu kidogo huvimba, na ujazo wake waweza kuongezeka kwa robo au zaidi, hivyo ndoo nne za mchanga mbichi hazilingani na ndoo nne za mkavu. Ukipima kwa ndoo baada ya mvua, ongeza mchanga na upunguze maji ya kuchanganyia.